Kuunda modeli ya Boeing 747 kwa maboksi: anza na kontena, usianze na pua

Anayeunda modeli ya ndege kwa kawaida huanza na picha. Huchora pua, akaweka mabawa na mkia, na kazi ikiisha kila mtu anaitambua kuwa ni ndege. Ila ukimuuliza kwa nini 747 ina nundu kichwani, au kwa nini ina matairi 18, hana jibu, maana alinakili tu.

Hapa tunakwenda kinyume. Tunaanza na mzigo, mzigo unatupa duara, duara linatupa kiwiliwili, na nundu inakuja yenyewe hata kama hukuitaka. Ndiyo mantiki iliyoizaa ndege yenyewe kati ya 1965 na 1969. Kazi inafaa klabu ya sayansi ya sekondari au fundi chipukizi, na vifaa vyote vinapatikana madukani Mtwara mjini, Lindi au Masasi. Tenga wikiendi tatu. Wakati wa masika weka nne, kwa sababu gundi haikauki upesi kwenye hewa ya pwani na boksi linanyonya unyevu.

Skeli ni 1:100, mita moja ya ndege ni sentimita moja ya modeli. Tunafuata 747-100, toleo la kwanza: urefu wote m 70.6, upana kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa m 59.6, kimo m 19.3. Modeli yako itakuwa na urefu wa sm 70.6 na upana wa sm 59.6. Kwa kulinganisha, Bombardier Q400 ambayo abiria wa Mtwara wanaifahamu ina upana wa m 28.4 kwa mabawa yote mawili. Bawa moja tu la 747, ukipima kutoka katikati ya kiwiliwili, ni m 29.8.

Vifaa

Karatasi za manila kubwa 4. Boksi gumu lililonyooka, la friji au televisheni, angalau sm 60 kwa sm 80. Povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni, bapa la unene wa sm 2.5 au zaidi. Vijiti vya mishikaki 14. Kipande cha bomba la maji la mm 63, urefu wa sm 50. Hiki ni kalibu tu, hakibaki ndani ya modeli, kwa hiyo mwombe fundi bomba akuazime. Bomba la kupitishia waya za umeme la mm 25, sm 25 zinatosha. Vifungo vya shati 18, vyenye kipenyo cha karibu mm 12. Gundi nyeupe ya mbao, nusu kopo. Msasa namba 120 na 240. Bikari, kipimapembe, rula ya chuma, wembe au kisu cha karatasi, uzi, na nati chache za chuma za kusawazishia uzito.

Usitumie supa gluu kwenye povu, italila hapo hapo na kuacha shimo. Rangi ya kupuliza nayo inaliyeyusha. Uji wa unga wa ngano au muhogo unashika vizuri, lakini mende na panya wataila modeli kabla ya muhula kuisha.

Hatua ya kwanza: makontena mawili na duara

Nenda bandarini Mtwara msimu wa korosho uangalie makontena yanavyopangwa. Upana wa kontena ni futi 8, yaani m 2.44, na ni huohuo dunia nzima. Miaka ya 1960, makontena yalipokuwa yanaenea kwenye meli, wahandisi wa Boeing waliamua ndege yao iweze kubeba makreti mawili ya futi 8 kwa 8 yakiwa bega kwa bega kwenye sakafu kuu. Sababu haikuwa kwamba ndege ilibuniwa kuwa ya mizigo tu. Wakati ule wengi waliamini abiria wangehamia kwenye ndege zinazopita kasi ya sauti. Concorde ilikuwa inaundwa Ulaya, na Boeing wenyewe walikuwa na mradi wao wa namna hiyo uliokuja kufutwa mwaka 1971. Kwa hiyo ndege kubwa ya mwendo wa kawaida ilitakiwa iwe na kazi ya kufanya siku abiria watakapoikimbia.

Kata povu vipande vinne vya mm 24.4 kwa mm 24.4, urefu mm 61 (futi 20). Viwili ukivipanga bega kwa bega unapata upana wa mm 48.8 na kimo cha mm 24.4. Sasa chukua karatasi na bikari.

Chora duara la nusukipenyo mm 30.5. Hili ni ukuta wa ndani, kwa kuwa upana wa ndani wa 747 ni m 6.1. Kwa kitovu kilekile chora jingine la mm 32.5, ndilo ukuta wa nje. Nafasi ya mm 2 katikati ya maduara hayo ni mataruma (mbavu) ya ndege, vihami joto na mapambo ya ndani. Piga mstari wa wima unaopita kwenye kitovu.

Swali sasa ni sakafu ikae wapi. Makreti yakishuka sana, kona zake za chini zinagonga ukuta. Yakipanda sana, kona za juu zinagonga. Kona iko mm 24.4 kutoka mstari wa wima, na kwa Pythagoras wa kidato cha pili, kwenye duara la mm 30.5 kona hiyo haiwezi kuwa zaidi ya mm 18.3 juu wala chini ya kitovu. Kimo cha kreti ni mm 24.4, hivyo sakafu lazima iwe kati ya mm 6.1 na mm 18.3 chini ya kitovu. Una mm 12 tu za kuchezea.

Sasa ongeza sharti la pili, mizigo ya chini ya sakafu. Makasha ya alumini yanayoingia kwenye tumbo la ndege pana yana kimo cha m 1.63, na kitako chake ni m 1.56. Yanakaa mawili mawili, hivyo vitako vyote viwili vina upana wa mm 31.2 kwenye skeli yetu. Kona ya kitako iko mm 15.6 kutoka katikati. Hesabu ileile inaonyesha kitako kinaweza kushuka hadi mm 26.2 chini ya kitovu, basi. Ongeza kimo cha mm 16.3, kichwa cha kasha kinafika mm 9.9 chini ya kitovu.

Chora sakafu kuu mm 8 chini ya kitovu. Inabaki karibu mm 2, yaani sentimita 19 za kweli, kwa ajili ya mihimili ya sakafu. Juu, kona za makreti makubwa zinabaki na nafasi ya mm 1 hivi kabla ya ukuta. Kila kitu kimeingia, na hakuna kilichobaki wazi sana. Ukipunguza duara kwa mm 3 tu, kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kinatoka nje. Jaribu uone, dakika kumi za bikari hapa ndizo zenye thamani kuliko rangi yote utakayopaka baadaye.

Abiria walifuata mzigo. Upana wa m 6.1 unameza viti tisa au kumi kwa mstari na njia mbili za kupita. Kabla ya 747, ndege kubwa ya Boeing ilikuwa 707 yenye njia moja. Juan Trippe, mkuu wa shirika la ndege la Marekani la Pan Am, alitaka ndege yenye uwezo mara mbili na nusu ya 707. Ukichukua 707-320B yenye urefu wa m 46.6 na kuirefusha mara mbili na nusu unapata mrija wa m 116, jambo lisilowezekana uwanjani wala angani. Wazo la kwanza lililopendwa, hata na Pan Am, lilikuwa kuweka ghorofa mbili nyembamba. Joe Sutter, mhandisi mkuu, na timu yake waliona ubaya wake: abiria wa ghorofa ya juu watatokaje ndege ikiwaka moto? Kanuni ya Marekani ilikuja kutaka watu wote watoke ndani ya sekunde 90, nusu tu ya milango ikitumika. Ghorofa moja pana ikashinda, na Pan Am waliagiza ndege 25 tarehe 13 Aprili 1966 kwa dola milioni 525.

Hatua ya pili: kiwiliwili

Funga bomba la mm 63 kwa mfuko wa nailoni ili gundi isinate. Kata manila upana wa sm 62 na uizungushe mara tatu huku ukipaka gundi nyepesi. Unene unaongezeka hadi kipenyo cha karibu mm 65. Acha usiku mzima. Ukichomoa mapema, mrija unakuwa yai, na umbo la yai halirekebishiki. Urefu wa mrija ulionyooka ni sm 37, kutoka sm 8 hadi sm 45 ukipima kutoka ncha ya pua.

Sakafu ni ukanda wa boksi wa upana wa mm 60, gandisha mm 8 chini ya kitovu. Weka alama za usawa huo ndani ya mrija pande zote mbili kabla ya kuuingiza, la sivyo sakafu itapinda.

Nyuma ya sm 45 mwili unaanza kusinyaa. Kata mataruma ya boksi: sm 50 kipenyo mm 61, sm 55 mm 53, sm 60 mm 41, sm 65 mm 25. Kiwiliwili kinaishia sm 68.6, sentimita mbili zilizobaki hadi sm 70.6 ni mkia unaochomoza nyuma. Kosa la kawaida hapa ni kuyapanga mataruma yote kwenye kitovu kimoja ukapata koni kama ya aiskrimu. Sivyo. Mgongo wa ndege unabaki karibu umenyooka, tumbo ndilo linalopanda. Panga mataruma yaguse mstari mmoja juu, tofauti yote iende chini. Ndege inaponyanyua pua kuruka, mkia unashuka, na tumbo lisilopanda lingesugua lami.

Hatua ya tatu: pua na nundu

Chonga pua ya povu yenye urefu wa sm 8, uilainishe kwa msasa 120 kisha 240. Usiigandishe. Ishike juu kwa utepe kama bawaba ili ifunguke kwenda juu, kama lango la mbele la 747 ya mizigo.

Sasa ingiza makreti yako mawili kwa mbele, moja kwa moja, hadi ndani. Halafu jiulize rubani akae wapi. Ukimweka mbele ya sakafu kuu, kama ilivyo kwenye ndege nyingi, yuko katikati ya mlango. Ukimweka chini, haoni. Nafasi iliyobaki ni juu ya mzigo, ghorofani. Ndipo nundu ilipotoka.

Iunde hivi. Rudi kwenye mchoro wa duara, piga mstari wa mlalo mm 20 juu ya kitovu. Hiyo ni sakafu ya juu. Ukiuweka bikari kwenye mstari huo, katikati, chora tao la nusukipenyo mm 26. Litakutana na duara kubwa kando, na kilele chake kitakuwa mm 13 hivi juu ya duara. Kata mataruma manne ya umbo hilo, uyapange kutoka sm 8 hadi sm 17, yakishuka polepole hadi kupotea karibu sm 20 kutoka puani, kabla bawa halijaingia mwilini. Funika kwa vipande vyembamba vya manila vya upana wa mm 8, si kwa karatasi moja kubwa, kwa sababu umbo lina mikunjo ya pande mbili na karatasi kubwa itafanya makunyanzi. Sehemu ya nundu iliyo mbele ya sm 8 iendelee kwa povu juu ya pua, ila hapo iache ishikane na mrija, isifunguke pamoja na lango.

Kwa nini haikatiki ghafla nyuma ya rubani? Hewa haipendi ukuta unaoisha ghafla, inaachana na mwili na kuvuruga. Lazima ishushwe polepole, na mteremko huo ukaacha nafasi tupu nyuma ya chumba cha rubani. Trippe akataka itumike kwa abiria, ikawa sebule ya daraja la kwanza yenye ngazi ya kuzunguka. Kinachowavutia watu kwenye 747, basi, ni mabaki ya mlango wa mizigo. Ndege za abiria hazina hata lango lenyewe. Nundu wanayo, mlango hawana.

Uvumi mmoja tuuondoe hapa, maana unarudiwa sana: kwamba 747 ni ndege ya jeshi iliyokataliwa na kupakwa rangi upya. Kweli Boeing walishindana kuunda ndege kubwa ya kubeba mizigo ya jeshi la anga la Marekani, na mwaka 1965 wakashindwa na Lockheed, ambao ndege yao ikawa C-5. Lakini ndege ya jeshi ilihitaji mabawa juu na sakafu karibu na ardhi, magari yaingie yenyewe. Mabawa ya 747 yako chini. Walichobaki nacho kutoka kwenye shindano lile ni fundisho la injini, na hilo linafuata.

Hatua ya nne: bawa

Hapa ndipo modeli nyingi zinapokufa, kwa hiyo pima mara mbili.

Usiunde mabawa mawili ya kubandika ubavuni. Unda moja linalopita chini ya sakafu, toka ncha hadi ncha. Ndiyo sababu tumbo la 747 lina ghala mbili za mizigo, ya mbele na ya nyuma: katikati pamezibwa na mzizi wa bawa. Toboa mrija chini ya sakafu kuanzia sm 18 kutoka puani.

Vipimo vya nusu moja, ukianza kwenye mstari wa katikati ya mwili: upana wa bawa kwenye mzizi ni sm 16.6, kwenye ncha sm 4.1, na umbali kutoka katikati hadi ncha sm 29.8. Pembe ya kuegemea nyuma ni nyuzi 37.5, ila haipimwi kwenye ukingo wa mbele. Inapimwa kwenye mstari unaopita robo ya upana wa bawa. Ukipima kwenye ukingo utakosea kwa nyuzi tatu au nne, na ncha zitakuwa mbele kuliko inavyotakiwa. Njia rahisi: ukingo wa mbele wa ncha uwe sm 26 nyuma ya ukingo wa mbele wa mzizi. Ukingo wa nyuma haujanyooka. Weka kona sm 12 kutoka katikati, ambako upana wa bawa ni karibu sm 9, kisha unganisha kona hiyo na mzizi upande mmoja na ncha upande wa pili.

Unene nao haufanani. Mzizi ni asilimia 13.4 ya upana, yaani mm 22. Katikati ya bawa ni asilimia 7.8, karibu mm 7. Ncha ni asilimia 8, mm 3 tu. Sugua kwa msasa taratibu ukianzia ncha. Uti wa bawa ni vijiti vya mishikaki vilivyopita kwenye mstari wa robo. Kijiti kimoja hakifiki, kwani urefu wa mshazari ni karibu sm 38 kwa kila upande, hivyo unga viwili vikipishana sm 8 na ufunge kwa uzi kabla ya gundi.

Ncha zipande juu kwa nyuzi 7: ukilaza mzizi mezani, ncha iwe sm 3.6 juu.

Halafu kuna msokoto. Michoro ya bawa ikiwa imekwenda mbali, timu ya Sutter iligundua sehemu ya nje ya bawa ingebeba mzigo kupita kiasi. Kulichora bawa zima upya kungekula miezi wasiyokuwa nayo. Wakaisokota sehemu ya nje kwa nyuzi chache, ukingo wa mbele ukashuka kidogo, mzigo ukahamia ndani karibu na mwili ambako bawa ni nene. Kwenye modeli, wakati gundi bado mbichi, ingiza kipande cha boksi cha mm 2 chini ya ukingo wa nyuma wa ncha na uache ukauke hivyo. Milimita mbili kwenye upana wa sm 4 ni takriban nyuzi 3. Mtu hataiona kwa jicho akiwa mbali. Akishika modeli mkononi na kuitazama kutoka nyuma ataiona.

Hatua ya tano: injini

Kata bomba la mm 25 vipande vinne vya sm 4 hadi 5. Sasa chukua kalamu nene ya maka, iweke kando ya vipande hivyo. Kwa skeli yetu, unene wa kalamu hiyo ni karibu na feni ya injini ya JT3D iliyokuwa kwenye 707. Feni ya JT9D ya Pratt & Whitney iliyobeba 747 ilikuwa na kipenyo cha m 2.3. Injini ya zamani ilitupa hewa kidogo kwa kasi kubwa. Hii mpya ilisukuma hewa nyingi polepole zaidi, na karibu sehemu tano za hewa zilipita kando ya moto kwa kila sehemu moja iliyoingia ndani. Matokeo ni msukumo wa ratili 43,500 kwa injini, ukilinganisha na karibu 18,000 ya JT3D, na mafuta kidogo kwa kila kilo ya msukumo. Bila injini ya aina hii, iliyosukumwa na shindano la jeshi, ndege ya tani 333 isingekuwa na maana ya biashara.

Ning'iniza injini sm 12 na sm 21 kutoka katikati, zikitangulia mbele ya ukingo wa bawa. Uzito wake unavuta bawa chini wakati hewa inalisukuma juu, hivyo mzizi unapumzika. Pia unasaidia bawa lisitetemeke hovyo, ingawa kwenye majaribio ya 747 hilo halikutosha: ndege za mwanzo ziliwekewa uzito wa urani hafifu (metali nzito sana) kwenye vifuniko vya injini za nje ili kukomesha mtikisiko wa kasi kubwa.

Kama injini zako hazijawa tayari, usiache bawa likauke tupu. Bandika nati kwa utepe mahali zitakapokaa. Ndivyo Boeing walivyofanya kiwandani kwao Everett, Marekani, injini zilipochelewa kwa sababu maganda yake yalikuwa yanapinda na kupoteza uduara. Ndege zilipangwa nje zikiwa na matofali ya zege yamening'inia mabawani.

Hatua ya sita: matairi, mkia, na mizani

707-320B ilikuwa na uzito wa juu wa tani 151 na matairi makuu 8. 747-100 ilifika tani 333. Gawanya: 707 ni tani 19 hivi kwa tairi. Kwa matairi 8, 747 ingekuwa tani 42 kwa tairi na ingevunja lami zilizojengwa kwa ajili ya 707. Kwa matairi 16 inarudi tani 21. Kwa hiyo ana miguu mikuu minne yenye matairi manne kila mmoja, na mawili puani. Bandika vifungo: miguu miwili chini ya mabawa sm 32 kutoka puani, ikiachana sm 11, miwili chini ya mwili sm 35, wa pua sm 7.5.

Mkia wa mlalo una upana wa sm 22.2. Uwe wa boksi moja lililosuguliwa kingo, na pezi la wima lifike sm 19.3 kutoka sakafuni. Hapo hakuna siri kubwa, isipokuwa usukani wa pezi umegawanywa juu na chini, na ndege ina mifumo minne ya majimaji ya kuongozea. Sutter hakutaka hitilafu moja iangushe watu mia nne.

Weka modeli juu ya vidole viwili, kila kimoja chini ya bawa, sm 31 kutoka puani. Lazima ilale sawa. Modeli za boksi karibu zote hukaa kwa mkia, kwa kuwa nyuma kuna gundi nyingi. Ongeza nati ndani ya pua, moja moja, nyuma ya lango ili lisiwe zito. Mzani ukirudi nyuma ya sm 35 itakaa kwa mkia hata ukiiweka mezani, na ndege halisi ikipakiwa vibaya hufanya vivyo hivyo.

Ukitaka kuipima na uwanja

Njia ya kurukia ndege ya Mtwara, baada ya kupanuliwa, ina urefu wa m 2,800 na upana wa m 45. Tandaza uzi kwenye uwanja wa shule: m 28 kwa sm 45. Weka modeli katikati. Mabawa yatatoka nje ya uzi kwa sm 7 kila upande, jambo la kawaida, lakini angalia injini za nje: ziko sm 21 kutoka katikati na ukingo uko sm 22.5. Zinaning'inia karibu juu ya mchanga. Ndiyo maana viwanja vinavyopokea ndege hizi huweka mabega ya lami kando ya njia. Na kwa uzito kamili siku ya joto, 747-100 inahitaji zaidi ya m 3,000, hivyo m 28 hazimtoshi. Akitua hapo ni kwa mafuta na mzigo uliopunguzwa.

Ukimaliza paka rangi ya maji kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Ining'inize kwa mshipi wa kuvulia kutoka sehemu mbili, nundu na mzizi wa pezi, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kusi ikianza kuvuma itaizungusha usiku kucha, na bawaba ya utepe ndiyo itakayoachia kwanza. Ongeza tabaka moja la utepe wa kitambaa kwa ndani ya lango kabla hujaining'iniza.